Ile sifuri ya aplikasyo ya maktaba

Mwezi uliopita mudogo wetu mumoja wa fakulte alisimama mbele ya juri kutetea memwari yake juu ya wilt ya migomba mu teritwari ya Kalehe. Kazi ilikuwa nzuri. Alitembea mashamba, alihesabu migomba yenye kunyauka, aliuliza wakulima ngisi gani wanakataka visu bila kuviosha. Lakini mu sura ya kwanza aliandika kwamba mu maktaba ya fakulte hakuna kazi yoyote ya mbele iliyochunguza ugonjwa huu mu Kalehe. Mwalimu mumoja wa juri alimuacha amalize kusema, halafu akafungua mukoba wake, akatosha memwari ya 2014 yenye jalada ya buluu. Wilt ileile, Kalehe ileile. Yeye mwenyewe njo alikuwa direkteri wa ile kazi.

Sala yote ikanyamaza. Binti akajibu kwa sauti ya chini: "Mwalimu, nilitafuta mu aplikasyo ya maktaba. Iliniambia sifuri."

Juri ilimupa muda wa kuandika upya ile sura. Hakuanguka, Mungu asifiwe. Lakini mimi nilitoka mu sala na ile sifuri kichwani, na nikafanya kitu ambacho naona hakuna mutu alikuwa amefanya tangu aplikasyo ilipotangazwa kwa shangwe: niliikaa nayo juma mbili, nikaipima vile tunapimaka mbegu mbele ya kupanda. Haya maandishi ni matokeo ya kile kipimo. Sitataja jina la aplikasyo wala la fakulte, juu vijana walioitengeneza ni wadogo wetu, na sipendi kesho mutu awatafutie maneno kwa sababu yangu. Wao wenyewe watajitambua, na nimeisha kuwaandikia mbele yenu.

Nianze na mazuri, maana yako. Aplikasyo ni nyepesi, inatumika hata mu simu za zamani zenye nafasi kidogo. Maneno yake ni ya Kiswahili na Kifaransa, unachagua. Inakusaidia kuweka liste ya vitabu unavyotaka, na ile liste inabakia hata kama hauna mega. Na zaidi ya yote, wazo lenyewe ni la haki. Mwanafunzi aliye Walungu ao Minova, akiwa ku staji, mbele ya hii aplikasyo alilazimika kupanda gari ao moto, kulala kwa ndugu mu mji, kusimama asubuhi mbele ya mulango wa biblio, ili tu kujua kama kitabu kiko. Sasa anauliza kwa simu. Mutu anayesema kwamba ile ni kitu kidogo hajawahi kulipa moto ya kwenda na kurudi kwa bule.

Sasa tuingie mu shamba lenyewe.

Maktaba ya fakulte inatumia Koha. Ni programu ya bure, ilizaliwa New Zealand mu 1999, wakati maktaba ya Horowhenua ilikuwa na programu ya zamani yenye haikuweza kuvuka mwaka 2000. Badala ya kununua ingine, waliomba itengenezwe mupya, halafu wakaigawia dunia yote. Kwa lugha ya Wamaori, koha ni zawadi. Leo maktaba mingi za Afrika zinaitumia, na sababu ni rahisi: hakuna lisanse ya kulipa kila mwaka. Koha inakaa mu serveri, na ile serveri yetu iko mu chumba kidogo nyuma ya meza ya mama wa maktaba. Kila kitabu kimeandikwa mule kama fishi: jina, mwandishi, mwaka, namba ya rafu.

Aplikasyo haina vitabu ndani yake. Hii njo kitu cha kwanza ambacho wengi hawajui. Ukiandika neno na kubonyeza "Tafuta", simu yako inatunga anwani moja ndefu ya intaneti, inaituma ku serveri, na mu ile anwani muko swali lako. Serveri inasoma, inatafuta mu fishi, inarudisha jibu. Simu inapokea jibu, inalipamba vizuri na kukuonyesha. Kazi yote ya aplikasyo ni kuuliza sawasawa na kusoma jibu sawasawa.

Kwa kuuliza, Koha iko na milango kadhaa. Kuna ule unaoitwa SRU, ambao ni mutoto wa itifaki ya zamani zaidi, Z39.50, ambayo maktaba kubwa zilikuwa zinatumia kuulizana katalogi mbele hata watu wa kawaida hawajasikia neno intaneti. Kuna ILS-DI, ambao unaweza kujibu kama kopi ya kitabu iko ao imechukuliwa, na hata kumuwekea musomaji kitabu. Na kuna mulango mupya, API ya REST, ambao unajibu kwa JSON, maandishi mafupi ambayo programu ya simu inayasoma kwa urahisi. Wadogo wetu walichagua SRU. Siwalaumu. Kwa kutafuta tu, SRU inatosha, na haiombi neno la siri.

Turudi ku sifuri.

Jibu la SRU linakuya na kisanduku kimoja chenye hesabu: fishi ngapi zimepatikana. Kama kuna tatizo, jibu linakuya na kisanduku kingine kinachoeleza tatizo. Na kama serveri imezima, hakuna jibu lolote. Hizo ni hali tatu, hazifanane hata kidogo. Aplikasyo yetu inatafuta kisanduku cha hesabu tu. Kama haikioni, inaandika "Matokeo: 0". Nilizima koneksyo ya simu yangu, nikaandika "ndizi", nikabonyeza. Matokeo: 0. Siku umeme ulikatika ku fakulte nikiwa nyumbani na mega zangu zote, niliandika "sol", yaani udongo, neno ambalo haliwezi kukosa mu maktaba ya agronomi hata kama panya wamekula nusu ya rafu. Matokeo: 0.

Sisi watu wa udongo tunajua kile kitu. Ni sawa pH-mita inayoandika 7 hata kama umeisahau mu kabati. Namba iko, ni nzuri, iko mu mipaka inayowezekana. Na mutu ataiandika mu tablo yake bila wasiwasi, juu mashine imesema. Mashine inayokufa waziwazi haina hatari sana, utaitengeneza. Ile inayokufa huku ikiendelea kutoa namba, ile njo inaharibu kazi ya mwaka muzima.

Mais sifuri ya binti yetu haikutoka ku umeme. Nilipima. Yeye aliandika "flétrissement", vile inaandikwa mu Kifaransa, na alama juu ya e. Mimi niliandika bila alama, "fletrissement", na ile memwari ya 2014 ikatokea palepale, ya pili mu liste. Niliandika tena na alama: sifuri. Nikajaribu "maïs": sifuri. "Mais": ukurasa mbili. "Élevage": sifuri. "Elevage": nilichoka kuhesabu.

Nitaeleza kidogo, wasiopenda mambo haya waruke aya hii. Mu anwani ya intaneti huwezi kutuma é vile ilivyo, unaigeuza kuwa alama za asilimia. Kwa mupango wa UTF-8, ambao dunia yote inatumia sasa, é inakuwa %C3%A9. Kwa mupango wa zamani wa Ulaya ya magaribi, inakuwa %E9. Aplikasyo yetu ilikuwa inatuma ile ya zamani, serveri inangojea ile mupya. Basi serveri inapokea neno lenye shimo katikati, inatafuta neno lenye shimo, hailipate, na kwa heshima yote inajibu kwamba haliko. Katalogi yenyewe haijali alama: kwake "maïs" na "mais" ni kitu kimoja. Kosa liko mu ule mustari mumoja wa programu unaotunga anwani.

Mustari mumoja. Na mukumbuke mambo tunayosoma: maïs, blé, légumes, bétail, érosion, pédologie, forêt. Agronomi ya Kifaransa imejaa alama. Na hapa njo inatokea kitu cha kuchekesha na kuhuzunisha: mwanafunzi mvivu, anayeandika haraka bila alama sawa vile tunaandikaka mu WhatsApp, alikuwa anapata vitabu. Yule mwenye bidii, aliyefundishwa na mwalimu wa Kifaransa kutoacha alama hata moja, alikuwa anapata sifuri. Aplikasyo iliadhibu waliojifunza vizuri.

Kwa nini hakuna aliyeona? Juu waliopima walikuwa walioitengeneza, na waliotengeneza ni watu wa enformatiki. Nimeuliza mumoja wao walipima na maneno gani. Akanijibu bila kuficha: "Python", "Java", "algorithme". Hakuna alama hata moja mule ndani! Ni kama kufanya majaribio ya mbegu ya mupunga ku mulima. Hakuna mutu wa agronomi aliyeitwa kukaa karibu nao hata siku moja, na ile si kosa lao peke yao. Sisi wa agronomi tulikuwa wapi? Tulipiga makofi siku ya uzinduzi, tukakunywa fanta, tukaenda.

Kuna kosa lingine ambalo limeisha kurekebishwa, lakini nalitaja juu linafundisha. Mu toleo la kwanza, kila kitabu kilikuwa na mwandishi wa ajabu. Mwandishi wa kitabu cha kahawa alikuwa anaitwa "20160309d2011". Wanafunzi walicheka, wakafanya hata picha za kuchekesha. Kumbe yule "mwandishi" alikuwa na maana. Fishi za maktaba dunia nzima zimegawanyika mu visanduku vyenye namba. Waamerika na wengine wengi wanatumia mupango unaoitwa MARC21: kule sanduku 100 ni mwandishi, sanduku 245 ni jina la kitabu. Lakini sisi, kwa njia ya Wafaransa, maktaba yetu inatumia UNIMARC, mupango uliotolewa na IFLA mu 1977. Mu UNIMARC jina la kitabu liko mu sanduku 200, mwandishi mu 700, na sanduku 100 linabeba kodi: tarehe fishi iliingizwa, halafu herufi, halafu mwaka wa kitabu. Donc 20160309d2011 maana yake: fishi iliandikwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2016, kitabu ni cha 2011. Vijana walifuata somo la Waamerika mu intaneti, hawakuuliza mama wa maktaba anatumia mupango gani. Mama anajua ile mambo kwa kichwa. Amezijaza zile fishi kwa mukono wake miaka na miaka. Dakika tano za kukaa ku meza yake zingetosha.

Ile njo inaniuma zaidi mu hadisi yote. Nilienda kumusalimia nikamuuliza: "Mama, wale vijana walikuya kukuona mbele ya kutengeneza?" Akasema: "Walikuya kuomba anwani ya serveri, mutoto wangu. Nikawapa." Basi.

Sasa ile taa ya kijani.

Karibu na kila kitabu aplikasyo inaonyesha taa, kijani maana yake "kiko". Nilichagua vitabu kumi vyenye taa ya kijani, nikaenda ku rafu. Vine havikuwako. Viwili mama alijua viko kwa nani: kimoja kwa asista, kingine kwa mwanafunzi aliyeisha kumaliza. Viwili vingine, hata yeye hakujua. Nikarudi ku programu kuona taa inawashwa na nini. Jibu: inawashwa kama fishi iko na kopi hata moja. Haimuulize mutu kama kopi imeazimwa. Yaani taa haisemi "kiko ku rafu", inasema "tuliwahi kukinunua". Mulango wa ILS-DI ungeweza kujibu ile swali, hawakuugonga.

Hapa lakini nisiwaonee wadogo wetu, juu hata wangeugonga, jibu lingekuwa lilelile. Ku meza ya maktaba, kuazima kunaandikwa mu kahie. Kahie nene, mistari imechorwa kwa rula, majina, tarehe, sinyatire. Koha iko na fasi ya kuandika kila kitabu kinachotoka, lakini umeme ukikatika mara tatu kwa siku, na watu wamepanga mustari, mama anachukua kahie. Ningekuwa yeye ningefanya vilevile. Matokeo ni kwamba kwa Koha vitabu vyote viko nyumbani, hakuna kilichotoka tangu miaka. Aplikasyo haikuleta ule uongo. Ila iliupeleka haraka zaidi na mbali zaidi, mupaka ku simu ya mutu aliye Minova, ambaye anaona kijani, anapanda gari, anafika, anakuta nafasi tupu kati ya vitabu viwili.

Ningefanya nini kwa pahali pao? Ningeondoa taa. Ningeandika tu: "Maktaba iko na kopi 2. Uliza mbele ya kuja", na saa za kazi. Si vizuri kwa macho, lakini ni kweli. Na kwa sifuri, ningeweka maneno matatu tofauti: "Hatukupata kitu", "Hatukufika ku serveri", "Serveri ilijibu vibaya, jaribu tena". Haiombi fedha wala serveri mupya. Inaomba tu kukubali kwamba aplikasyo inaweza kusema "sijui". Vijana waliniambia walificha makosa ili musomaji asiogope. Bwana, musomaji mwenye anaandika memwari inafaa aogope kidogo.

Kuna mambo ya siri pia. Nitayapita haraka, juu yameisha kurekebishwa na sipendi kufundisha wezi. Fayilo ya aplikasyo ya Android ni sawa mufuko wenye zipu, mutu yeyote mwenye programu ya bure anaweza kuufungua. Mule ndani kulikuwa na jina na neno la siri la akaunti moja ya maktaba, na ile akaunti ilikuwa na haki ya kuona liste ya wasomaji wote. Niliwaandikia siku ileile, wakaibadilisha siku ya pili, nawashukuru. Kama kesho mutu anataka kuongeza sehemu ya "vitabu nilivyoazima", neno la siri la maktaba lisikae mu simu za watu. Liwe mu serveri ndogo ya katikati: simu inauliza ile ndogo, ile ndogo inauliza Koha. Na njia yote ifungwe kwa HTTPS, juu wanafunzi wetu wengi neno lao la siri ni namba yao ya matrikule, na namba ya matrikule imebandikwa ku ukuta kila wakati wa matokeo.

Nimepata kusikia watu wakisema: acheni watoto, ni mwanzo, hawakulipwa, musiwavunje moyo. Naelewa. Mimi mwenyewe kazi yangu ya kwanza ya kukusanya data kwa tablete ilikuwa na swali moja ambalo liliandika umri wa kila mukulima kuwa 0 kama hakujibu, na nikahesabu wastani wa umri wa kikundi, nikapata miaka 19. Direkteri wangu alicheka mupaka machozi. Sikuvunjika moyo, niliponyeshwa. Kile kingenivunja moyo ni kama angenyamaza na ile 19 ikaenda mu raporo. Kwa hiyo sikubali kwamba kunyamaza ni kusaidia. Aplikasyo ya muziki ikikosea, utasikiliza wimbo mwingine. Aplikasyo ya katalogi ikikosea, inamufanya mutu aandike kwa jina lake jambo lisilo la kweli juu ya kazi ya mwenzake, mu kitabu ambacho kitabakia ku rafu kuliko sisi wote.

Na kuna yule mwenzake. Hakuna mutu aliyemusema siku ile ya juri. Yule aliyeandika ile memwari ya 2014 alitembea zile njia za Kalehe mu miaka ambayo kutembea kule haikuwa muchezo. Wilt ilionekana mu Congo kwa mara ya kwanza mu 2001, kule Masisi, halafu ikashuka taratibu mupaka kwetu. Yeye aliikuta ikifika na akahesabu. Zile hesabu zake njo zilifaa kuwa musingi wa kulinganisha: ilikuwa hivi, sasa iko hivi. Bila yeye, binti yetu alianza upya ku sifuri, mashamba yaleyale, maswali yaleyale, na wakulima walewale ambao bila shaka walijiuliza kama wanafunzi wa fakulte hawazungumzake kati yao.

Kwa memwari zetu tatizo ni kubwa kuliko alama ya é. Aplikasyo iko na sehemu moja wanayoisifu sana: unapiga picha ya mistari nyeusi ya nyuma ya kitabu, inasoma ISBN, inakuletea fishi. Vizuri sana kwa vitabu vya kununua. Lakini memwari na TFC hazina ISBN. Vilevile raporo za miradi. Vilevile ile kabati ya mwisho kule chini, yenye machapisho ya INEAC, taasisi iliyoanzishwa mu 1933 na ambayo kituo chake kikubwa cha utafiti kilikuwa Yangambi: mu katalogi, Série scientifique yote iko mu fishi moja, ingawa ku rafu ni vitabu vingi, kila kimoja na mada yake. Ukitafuta mada ya kimoja kati yao kwa simu, hauwezi kukipata, hata aplikasyo ikirekebishwa namna gani. Yaani vitu ambavyo dunia ingine haina, ambavyo viko kwetu tu, njo vinaonekana kidogo zaidi. Na vile ambavyo unaweza kupata fasi yoyote vinaonekana vizuri.

Jambo la mwisho ambalo ningeomba, nalo ni la lugha. Mukulima ananiambia "muhogo", mimi naandika "muhogo" mu aplikasyo yenye maneno ya Kiswahili, inaniambia sifuri, juu fishi zote zimeandikwa "manioc" ao "Manihot esculenta". Basi Kiswahili cha aplikasyo kinaishia ku vifungo. FAO iko na kamusi ya maneno ya kilimo inayoitwa AGROVOC, ilianza miaka ya 1980, iko wazi bure mu intaneti, na kila wazo mule lina namba yake na majina yake mu lugha nyingi, Kiswahili pia kimo. Aplikasyo ingeweza kuuliza kwanza kule: muhogo ni wazo gani? Halafu iende ku Koha na majina yote ya lile wazo. Simu inaunganishwa na serveri mbili badala ya moja, kazi ya juma chache kwa kijana anayejua. Ile ingekuwa kitu ambacho hata maktaba kubwa zingeweza kuja kuangalia kwetu. Niliwaambia. Walipenda. Tutaona.

Wiki iliyopita walitoa toleo lingine, na mu maelezo yake waliandika kwamba "tatizo la alama limekwisha". Jana usiku, koneksyo ilipokuwa nzuri, niliandika "flétrissement" na alama yake. Memwari mbili, ile ya 2014 ya kwanza kabisa. Nilifurahi, nikamutumia binti picha ya ekrani. "Élevage": inafanya. "Forêt": inafanya. Halafu nikaandika "maïs". Matokeo: 0.

Asubuhi nilipigia simu mumoja wao. Kumbe hawakubadilisha mupango wa herufi. Walitengeneza liste ya herufi zenye alama na kuzigeuza moja moja: é, è, ê, à, ç. Ile i yenye nukta mbili hawakuifikiria. Aliniuliza kama kuna maneno mengi mu agronomi yenye ile herufi. Nikamwambia liko moja, na tunalikulaka kila siku.